Mnaniona? Historia Fupi ya Kamera Iliyo Juu ya Skrini

Kila kizazi kina salamu zake. Wazee wetu walijuliana hali kwa kuulizana habari za nyumbani, za mifugo na za mvua. Sisi siku hizi, hasa kama kuna pesa ndani ya hayo mazungumzo, tunaanza na maswali mawili: "Mnanisikia? Mnaniona?" Halafu tunangoja, tumekodolea macho kile kidirisha kidogo chenye sura yetu, mpaka mtu wa upande ule mwingine aseme ndiyo.

Swali la kwanza lina zaidi ya miaka mia moja, lilikuja na simu. Hilo la pili ndilo ninalotaka kulifuata hapa. Mtandao umejaa orodha za ushauri: kaa mbele ya dirisha, inua kamera, zima programu nyingine. Ni ushauri mzuri, na mwisho wa makala haya nitautoa wangu pia. Shida ni kwamba orodha hizo hazisemi kwa nini. Kwa nini kamera inaona ukuta vizuri kuliko inavyoniona mimi? Kwa nini picha inakatikakatika usiku na si mchana, na bando ni lile lile? Kila ushauri una historia nyuma yake, na ndani ya historia hiyo kuna mtu ambaye fundi alimfikiria alipokuwa akitengeneza. Mara nyingi mtu huyo hakuwa wewe.

Tuanze mbali kidogo. Tarehe 7 Aprili 1927, Herbert Hoover, aliyekuwa waziri wa biashara wa Marekani na ambaye baadaye angekuwa rais, aliketi mbele ya mtambo mjini Washington akazungumza na watu waliokuwa New York. Walimsikia na kumwona. Yeye hakuwaona wao. Wahandisi wa Bell Labs, wakiongozwa na Herbert Ives, walikuwa wameugawa uso wake kuwa mistari 50 tu ya mwanga na giza, wakaipitisha kwenye waya. Miaka 3 baadaye walijenga vibanda viwili mjini New York ambapo watu wangeweza kuonana pande zote mbili. Mwaka 1936 posta ya Ujerumani ikafungua huduma ya umma kati ya Berlin na Leipzig: unaenda posta, unaingia kwenye kibanda, unalipa, unamwona mwenzako. Vita vikaja, huduma ikafa.

Angalia vile mambo yote yalikuwa ya kibanda. Mwanga ulipangwa na fundi, kiti kiliwekwa na fundi, umbali kati ya uso na lenzi ulipimwa na fundi. Hakuna aliyeulizwa kujipanga mwenyewe. Kazi ya kuonekana vizuri ilikuwa ya kampuni.

Kampuni ya AT&T ilijaribu kuvunja kibanda. Mwaka 1964, kwenye maonyesho ya kimataifa ya New York, ilizindua simu ya picha iliyoitwa Picturephone. Kwanza ikawekwa kwenye vituo vya umma New York, Chicago na Washington, na dakika 3 ziligharimu kati ya dola 16 na dola 27 kutegemea umbali. Mwaka 1970 ikapelekwa maofisini Pittsburgh kwa dola 160 kwa mwezi, na hiyo ni kabla hujapitisha dakika zako 30. Mashine yenyewe ilikuwa nzuri kwa wakati wake, kamera juu, skrini chini yake, kama tu laptopu yako. Lakini katika miaka yake yote huduma hiyo haikufikisha hata mashine 500. Bei ilikuwa sababu moja. Sababu nyingine ni ile kila mtu anaijua lakini mhandisi hapendi kuisikia: si kila anayekupigia simu unataka akuone. Kumbuka hiyo, nitairudia.

Kamera ya wavuti, hii yetu, haikuzaliwa na kampuni ya simu. Ilizaliwa na kahawa. Katika maabara ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, watafiti walikuwa wanachangia birika moja la kahawa lililokaa nje ya chumba kilichoitwa Trojan Room. Wengine walikuwa wanafanya kazi kwenye orofa nyingine. Unashuka ngazi zote hizo, unafika, unakuta birika limekauka. Mwaka 1991 Quentin Stafford-Fraser na Paul Jardetzky waliielekeza kamera kwenye birika, wakaiunganisha na kompyuta, wakaandika programu ya kuonyesha picha hiyo kwenye skrini za wenzao. Picha ilikuwa ya rangi ya kijivu, pikseli 128 kwa 128, na ilibadilika kama mara 3 kwa dakika. Ilitosha, maana birika haliruki wala kucheza.

Mwaka 1993, vivinjari vya wavuti vilipokuwa vimejifunza kuonyesha picha, wenzao wakaiweka picha hiyo kwenye wavuti. Sasa mtu wa popote duniani angeweza kuangalia kahawa ambayo hataionja kamwe, na watu wakaangalia kweli. Stafford-Fraser amewahi kusimulia kwamba walipokea barua pepe kutoka Japani zikiuliza kama taa inaweza kuachwa ikiwaka usiku, kwa sababu mchana wao ulikuwa usiku wa Cambridge na birika lilikuwa halionekani. Mimi naipenda sana habari hiyo. Ombi la watazamaji wa mbali kwa kamera ya kwanza ya wavuti lilikuwa lile lile unaloambiwa leo kwenye usaili: tafadhali washa taa.

Kamera ile ilizimwa tarehe 22 Agosti 2001, na birika la mwisho likauzwa kwa mnada mtandaoni kwa pauni 3,350. Mnunuzi alikuwa Spiegel Online, gazeti la mtandaoni la Ujerumani. Birika bovu, jo.

Katikati ya hapo, mwaka 1994, kampuni ya Connectix ilileta kamera iliyoitwa QuickCam, duara kama mboni ya jicho, kwa takriban dola 100. Picha yake ilikuwa pikseli 320 kwa 240, kijivu tupu chenye ngazi 16. Kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida aliweza kuibeba kamera nyumbani na kuichomeka mwenyewe. Hapo ndipo kazi ilipohama. Kampuni iliuza jicho, lakini kibanda, taa na fundi havikuwa ndani ya boksi. Kuanzia siku hiyo, kuonekana vizuri kukawa juu yako. Logitech wakainunua biashara hiyo mwaka 1998, na kufikia mwaka 2006 Apple walikuwa wanaingiza kamera ndani ya kifuniko cha laptopu zao. Kifuniko ni chembamba, kwa hivyo lenzi ikawa ndogo na chipu ya kunasa mwanga ikawa ndogo zaidi. Chipu ndogo hupokea mwanga kidogo. Ndiyo maana simu yako ya elfu ishirini inaweza kupiga picha safi kuliko kamera ya laptopu ya elfu themanini.

Sasa tuingie ndani ya waya, maana uwazi wa video hauamuliwi na kamera peke yake. Video ghafi ni mzigo mkubwa mno kwa mtandao wowote wa nyumbani. Lazima ibanwe. Hesabu inayotumika kubana picha hadi leo imejengwa juu ya kazi ya Nasir Ahmed, mhandisi aliyezaliwa India, aliyoichapisha pamoja na wenzake wawili mwaka 1974. Mwaka 1988 kukatoka kanuni ya kimataifa ya kubana video za mazungumzo, H.261, na nyingine nyingi zimeifuata. Wazo lao kubwa ni rahisi: usitume picha nzima kila mara. Tuma picha moja, kisha tuma tu kilichobadilika. Ukuta ulio nyuma yako haujasonga, kwa nini utumwe tena? Midomo yako imesonga, tuma midomo.

Wazo hilo ndilo linaloeleza kwa nini giza linakula bando. Kamera ikikosa mwanga, inajaribu kuongeza nguvu, na pamoja na sura yako inakuza pia vumbi la umeme, zile chembechembe zinazochezacheza kwenye picha. Programu ya kubana haijui kwamba hizo ni takataka. Inaona kila sehemu ya picha inasonga, inajaribu kutuma kila kitu, njia inajaa, na picha inavunjika kuwa miraba. Tena, gizani kamera hushikilia kila picha kwa muda mrefu ili ikusanye mwanga, kwa hivyo idadi ya picha kwa sekunde inapungua na mkono wako unaacha mkia kama kimondo. Unalaumu mtandao, kumbe ni balbu.

Lakini wacha tuwe wakweli, kwetu mara nyingi ulikuwa mtandao kweli. Kabla ya 2009, Kenya iliunganishwa na dunia kwa setilaiti. Setilaiti hizo hukaa kama kilomita 36,000 juu ya ikweta, na ishara inapanda na kushuka umbali huo wote kabla mwenzako hajasikia neno. Ukiuliza swali, jibu haliwezi kurudi kabla ya karibu nusu sekunde kupita. Inaonekana kidogo kwenye karatasi. Kwenye mazungumzo ni balaa: mnaanza kuongea pamoja, mnanyamaza pamoja, mnasema "endelea wewe" pamoja. Julai 2009 mkonge wa SEACOM uliotandazwa chini ya bahari ukaanza kazi, na mwaka huo huo ukaja TEAMS, unaotoka Fujairah katika Emirati hadi Mombasa. Mwaka uliofuata ukaja EASSy.

Tazama ramani ya TEAMS na utaona kitu. Kutoka Ghuba hadi Mombasa ni njia ile ile ya majahazi, yaliyokuja na kaskazi yakiwa na tende na kurudi na kusi yakiwa na boriti za mikoko. Leo kwenye njia hiyo hiyo, chini ya maji, zinapita nyuso. Wakenya wengi wako Ghuba wakifanya kazi za nyumbani, za ulinzi, za udereva, na watoto wao wamebaki kwa nyanya zao huku. Mama anamwona mwanawe akionyesha jino lililong'oka. Dubai, simu za WhatsApp zimezuiwa na sheria za mawasiliano za huko, kwa hivyo watu hutumia Botim. WhatsApp yenyewe ilianza kupiga simu za video Novemba 2016 tu, na sasa inaonekana kama ilikuwepo tangu zamani. Kwa familia kama hizo, video safi si mambo ya ofisi. Mtoto anataka kujua kama mama amekonda. Mama anataka kuona kama lile paja limepona. Picha ya miraba haiwezi kuwajibu.

Na hapa ndipo tunafika kwenye sehemu ambayo orodha za ushauri huiruka. Kamera ilifundishwa kuona na nani, na kwa kutazama nani?

Kuanzia miaka ya 1950, Kodak ilikuwa inatuma kadi za vipimo kwa maabara za kusafisha picha. Kwenye kadi kulikuwa na picha ya mwanamke mweupe. Fundi alilinganisha rangi mpaka ngozi ya yule mwanamke ionekane sawa, basi mashine imekaa vizuri. Kadi hizo ziliitwa Shirley, jina la mmoja wa wanawake wa kwanza kupigwa picha hizo. Wewe mwenye ngozi nyeusi ukipigwa picha pamoja na mzungu, yeye alitoka vizuri na wewe ukatoka macho na meno. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, alifuatilia historia hiyo na kugundua jambo la kuudhi: msukumo mkubwa wa kuboresha filamu ili ionyeshe vivuli vya kahawia ulitoka kwa kampuni za samani na za chokoleti, zilizolalamika kwamba mbao na chokoleti zao hazitofautishiki kwenye matangazo. Yaani meza ilisikizwa kabla ya mtu.

Utasema hiyo ilikuwa filamu, sasa ni dijitali. Sawa, lakini tabia ilihama nyumba tu. Kamera ya laptopu hujipimia mwanga yenyewe: inachukua wastani wa mwanga wa picha na kuusukuma kuelekea kijivu cha katikati. Ukiwa mweusi mbele ya ukuta mweupe, ukuta unashinda. Kamera inaona mwanga mwingi, inapunguza, na wewe unazama. Haina chuki, ni hesabu. Lakini ni hesabu ambayo mtu aliichagua, akaijaribu kwa nyuso fulani, akasema imekubali.

Mwishoni mwa 2009 video moja ilizunguka YouTube. Wafanyakazi wawili wa duka moja Marekani, mwanamume mweusi na mwanamke mweupe, walikuwa wanajaribu kompyuta ya HP ambayo kamera yake ilipaswa kuufuata uso wa mtu anaposonga. Ilimfuata mwanamke. Ilipofika zamu ya mwanamume, ikatulia tuli kama haoni mtu yeyote pale. HP walijibu kwamba mfumo wao hupima tofauti ya mwanga kati ya macho na sehemu za juu za mashavu na pua, na kwamba huenda ukashindwa kama mwanga wa mbele hautoshi. Kwa maneno mengine: washa taa. Miaka michache baadaye Joy Buolamwini, mtafiti mwenye asili ya Ghana aliyekuwa MIT, aligundua kwamba programu ya kutambua nyuso haikuuona uso wake mpaka alipovaa barakoa nyeupe. Mwaka 2018, yeye na Timnit Gebru walichapisha utafiti kuhusu programu za kibiashara za kutambua jinsia kwa kutazama uso. Kwa wanaume wenye ngozi nyepesi, hakuna programu iliyokosea zaidi ya asilimia 0.8. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi, moja ilikosea hadi asilimia 34.7.

Kuna waliofanya biashara kwa kuliona pengo hilo. Tecno, ambayo simu zake zimejaa mitaa yetu, ilijinadi Afrika kwa kamera zilizopangwa kwa ajili ya ngozi nyeusi, na mwaka 2021 Google nao wakaja na mpango wao wa rangi halisi kwenye simu za Pixel. Kamera nyingi za laptopu bado ziko pale pale.

Haya yote yangekuwa historia ya kusoma tu, kama si Machi 2020. Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona tarehe 13, na siku chache baadaye shule na vyuo vikafungwa. Mahakama zikaanza kusikiliza kesi kwa video. Zoom, iliyokuwa na washiriki wa mikutano milioni 10 kwa siku Desemba 2019, ilisema imefika milioni 300 Aprili 2020. Mimi nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Masomo yakahamia kwenye simu yangu, kwenye chumba cha mabati ambacho dirisha lake lilitazama ukuta wa jirani. Mhadhiri mmoja alitaka kila mtu afungue kamera wakati wa kuwasilisha kazi, na asiyeonekana ahesabiwe hayupo. Mwenzangu mmoja alijifungia chooni kwa sababu ndipo palipokuwa na balbu kali zaidi kwenye ploti yao. Aliwasilisha kazi yake akiwa amesimama, simu juu ya tangi. Alionekana. Alipata alama.

Mimi chuo niliacha mwaka uliofuata kwa sababu ya karo, kamera haihusiki. Lakini tangu hapo nakula kwa kuandika, na karibu kila kazi imeanza kwa simu ya video na mtu ambaye hatanikuta kamwe uso kwa uso. Dakika 20, na anaamua. Hawezi kuona nyumba niliyokulia wala vitabu nilivyosoma. Anaona mstatili. Ndiyo maana siyachukulii mambo ya taa kama urembo. Kibanda cha 1930 kilikuwa na fundi. Sisi hatuna, kwa hivyo tuwe mafundi.

Basi huu ndio ushauri wangu, na sababu zake sasa unazijua.

Anza kwa kupangusa lenzi kwa kitambaa laini. Mafuta ya vidole hufanya picha iwe na ukungu, na hakuna programu itakayoyaondoa.

Mchana, geuza meza ili dirisha liwe mbele yako au upande mmoja mbele, lisiwe nyuma. Tuko kwenye ikweta: jua huchomoza na kutua karibu saa zile zile mwaka mzima, kwa hivyo ukichagua saa yako ya usaili, chagua kabla ya saa kumi na moja jioni. Kama mteja yuko California na anataka saa nne asubuhi yake, kwako ni saa mbili usiku wakati kwao ni majira ya joto, na saa tatu wakati wa baridi. Hapo unahitaji taa mbele, nyuma kidogo ya skrini, juu ya usawa wa macho. Kama inachoma macho, ielekeze kwenye ukuta mweupe au shuka nyeupe iliyo mbele yako, mwanga ukurudie ukiwa umelainika. Balbu ya dari peke yake inakupa mashimo mahali pa macho. Ngozi nyeusi hupendeza mwanga ukitoka upande mmoja kwa mbele, kwa sababu inarudisha mng'ao, na ni ule mng'ao unaochora mfupa wa shavu na kidevu.

Nyuma yako usiweke ukuta mweupe kama unaweza kuukwepa. Shuka ya rangi moja iliyokolea kiasi, ya samawati au kijani au udongo, itaifanya kamera ipime mwanga kwa kukutazama wewe. Rangi moja, kwa sababu maua mengi ni mzigo kwa programu ya kubana. Zima feni inayopeperusha pazia. Na kama kamera yako ina mipangilio, zima kujipimia mwanga kwenyewe, pandisha mpaka uso wako uwe sawa, halafu uache hapo hata kama ukuta utaungua kidogo. Ukuta hautafuti kazi.

Ukiona mistari inapanda na kushuka kwenye picha, tafuta kwenye mipangilio mahali pa kuzuia kumetameta na uchague hezi 50. Stima yetu ni ya hezi 50. Ya Marekani ni 60, na kamera nyingi hufika zikiwa zimepangwa kwa ya kwao.

Inua laptopu mpaka lenzi ilingane na macho. Vitabu vya KCSE bado vina kazi. Ukiongea, tazama lenzi, si ile sura yako kidirishani. Na kama laptopu yako ni ya zamani, zipo programu za kugeuza simu kuwa kamera ya kompyuta, baadhi yake za bure. Tumia kamera ya nyuma ya simu, ndiyo yenye chipu kubwa.

Kuhusu bando, piga hesabu kabla. Video ya pikseli 720 za wima inahitaji kama megabiti 1.2 kwa sekunde kwenda na kiasi hicho hicho kurudi. Kwa saa moja hiyo ni karibu gigabaiti 1. Huna? Shusha ubora wa picha mwenyewe kabla mtandao haujakushushia. Picha ndogo iliyotulia ni bora kuliko picha kubwa inayoganda. Kaa karibu na ruta, au chomeka waya kabisa. Vaa visikizi vya masikioni, kwa maana mtu atavumilia picha mbaya lakini mwangwi wa sauti yake mwenyewe hatauvumilia. Kisha jaribu siku iliyotangulia, saa ile ile, ujirekodi dakika 2 na ujitazame. Wale wa Cambridge wangeweza kungoja birika lijae. Wewe una dakika 20.

Nilisema nitarudi kwa Picturephone. Watu wa 1970 walikuwa na haki ya kutoinunua, na wengi waliitumia. Sisi tunaambiwa fungua kamera darasani, fungua kamera kazini, na mwajiri mwingine anataka iwe wazi saa zote za zamu ili ajue uko macho. Kuonekana vizuri na kuonekana kila wakati ni mambo mawili tofauti. Fundi wa kweli hujua kuwasha, na hujua kuzima. Mkutano ukiisha, kata kipande cha karatasi ya rangi, kibandike juu ya lenzi, na ukiacha hapo mpaka wewe ndiye unayetaka kuonekana. Ni ushauri pekee katika makala haya usiohitaji mwanga wala bando.